Toloma iko wapi? Historia fupi ya herufi za Kiiraqw, na kilichonipeleka Aisilandi

Ukishuka stendi ya Karatu mjini ukauliza njia ya Tloma, utaelekezwa bila shida. Ni juu kule, upande wa mashamba ya kahawa yanayopakana na msitu wa Ngorongoro. Bodaboda wanapajua na wenye maduka wanapajua. Mimi nilipofika mara ya kwanza nikamwambia bibi mwenye nyumba niliyopanga kwamba kesho yake nakwenda Toloma.

"Mwanangu, hiyo Toloma iko wapi? Mimi siijui."

Nikamwonyesha kwa kidole, kule juu. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akalitamka mwenyewe, mara moja, taratibu, na hapo mwanzo wa neno kikatoka kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwa karibu hivyo: kama t na l zimefungwa pamoja halafu zikapasuka pembeni mwa ulimi. Hakukuwa na o katikati. Hakukuwa na irabu yoyote. Nikajaribu. Akacheka tena.

Sasa, mimi ni mwanafunzi wa isimu, mtu wa Tanga, na nilikwenda Karatu nikijiamini kabisa kwamba Kiiraqw nitakisoma kwenye karatasi kabla ya kukisema. Nilikuwa na orodha ya herufi mkononi. Kilichonikwamisha ni kwamba orodha ile niliisoma kwa macho ya Kiswahili. Mswahili akiona konsonanti mbili zimegandana huwa anatafuta irabu ya kuchomeka katikati, ndiyo maana "block" ikawa "bloku" na "glass" ikawa "glasi", na wengine wakamalizia kazi kwa kusema "buloku" na "gilasi". Tloma ikawa Toloma kwa njia hiyo hiyo. Lakini kwenye Kiiraqw, t na l pale si sauti mbili zilizogandana. Ni sauti moja iliyoazimiwa herufi mbili, kama sisi tunavyoandika "sh" bila mtu yeyote kusoma s halafu h.

Jambo la ajabu ni kwamba sauti inayokaribia ile nilikuwa nimeshaifanyia mazoezi, miaka kadhaa kabla, kwa lugha ya watu wa mbali mno. Ngoja nieleze.

Mwezi wa Aprili 2010 mlima mmoja wa volkano kule Aisilandi ulilipuka chini ya barafu. Majivu yakatanda angani, viwanja vya ndege vya Ulaya vikafungwa siku kadhaa, na hapa jirani, Kenya, maua na mboga zilizokuwa zisafirishwe vikaozea kwenye maghala. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nakumbuka msomaji wa taarifa ya habari redioni akifika kwenye jina la mlima ule, akasita, akasema "mlima mmoja nchini humo", akaendelea. Jina lenyewe ni Eyjafjallajökull. Nilipofika chuo kikuu na kupata intaneti ya bure, nikaamua nijifunze kulitamka, kwa ubishi tu. Nikaanza na alfabeti.

Alfabeti ya Kiaisilandi ina herufi 32. Inatisha kwa macho, lakini kwa Mswahili sehemu kubwa ni rahisi kuliko inavyoonekana. Ile herufi Þ, inayofanana na p iliyovutwa juu na chini, ni th ya "thamani". Ile ð, kama d iliyokatwa kichwa, ni dh ya "dhahabu". Wazungu wengi wanatoa jasho hapo, sisi tumeshapita. Herufi j ni y yetu. Herufi á haisomwi a ndefu, inasomwa kama neno letu "au", na æ ni "ai". Mkazo unakaa silabi ya kwanza siku zote, tofauti na kwetu ambako unakaa ya pili kutoka mwisho. R inatetemeshwa kama ya "barabara". Mpaka hapo mambo yalikwenda vizuri.

Halafu ukafika wakati wa ll. Kwenye Kiaisilandi, l mbili zikifuatana mara nyingi hazisomwi l. Ulimi unapanda kama wa t, unabaki pale pale, na pumzi inatokea pembeni, bila mtetemo. Tl. Neno lao la mlima ni fjall, na linaishia na sauti hiyo. Jina la ile volkano linayo mara mbili: eyja ni "ya visiwa", fjalla ni "ya milima", jökull ni mto wa barafu. Nilipiga mazoezi bwenini mpaka wenzangu wakaniomba niache.

Kwa hiyo fikiria mshangao wangu sebuleni kwa yule bibi wa Karatu. Neno la Kiiraqw la mlima ni tlooma. Mlima wa Aisilandi unaishia pale pale ambapo mlima wa Wairaqw unaanzia. Kuna tofauti moja, na bibi hakuniachia mpaka nikaipata: tl ya Kiiraqw inatolewa kwa kubana koo kwanza, kama mtu anayejiandaa kunyanyua gunia, halafu sauti inaruka kwa nguvu ya hewa ile ndogo iliyobaki mdomoni. Ya Kiaisilandi ni laini, inasindikizwa na pumzi. Wanaisimu wana alama tofauti kwa kila moja. Lugha hizi hazina undugu wowote, na sitaki mtu atoke hapa akasema Wairaqw walitoka Ulaya ya kaskazini. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali na Kioromo, na ndugu wa karibu kabisa wa Kigorowa, Kialagwa na Kiburunge vya Babati na Kondoa.

Kilichonikamata kilikuwa swali jingine. Waaisilandi hawafiki 400,000. Wairaqw, kwa hesabu ya Atlasi ya Lugha za Tanzania iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009, walikuwa wanakaribia laki sita au kuzidi kidogo. Kwa nini basi mimi, mtoto wa Tanga, niliweza kujifunza kusoma fjall nikiwa kitandani, na tlooma nikaja kuambiwa na bibi nikiwa nimeshakosea mbele ya watu?

Turudi nyuma kidogo, kwanza Aisilandi maana huko habari ni fupi.

Watu walihamia kisiwa kile kuanzia karne ya 9, wengi wakitokea Norwe. Ukristo ulipokubaliwa kwenye mwaka 1000 hivi, ukaja na herufi za Kilatini, herufi zilizotengenezwa kwa lugha ya watu wengine kabisa. Mapadri wakazitumia walivyoweza. Kisha katikati ya karne ya 12, mtu mmoja ambaye jina lake halikuhifadhiwa akaandika risala akisema, kwa ufupi: herufi hizi hazitutoshi, na hivi ndivyo tuzirekebishe. Wataalamu wanamwita Mwanasarufi wa Kwanza, kwa sababu risala yake ndiyo ya kwanza kati ya nne zilizomo kwenye kitabu kimoja cha mkono cha karne ya 14. Njia yake ingekubalika kwenye semina yoyote ya isimu leo. Alichukua maneno mawili yanayotofautiana kwa sauti moja tu, akaonyesha kwamba maana inabadilika, na kwamba kwa hiyo kila sauti inadai herufi yake. Kwa Kiswahili angesema: tazama "thamani" na "samani". Ukiandika zote kwa s, fundi seremala na mthamini watagombana.

Mtu yule alikuwa mwenyeji. Aliandika kwa lugha yake, kwa wasomaji wa lugha yake, kuhusu sauti alizonyonya kwa mama yake. Si kila alichopendekeza kilifuatwa. Tena ð ilikuja kupotea kwenye maandishi yao kwa karne kadhaa, ikarudishwa karne ya 19 kwa juhudi za Mdenmark, Rasmus Rask. Na mwaka 1973 serikali ikaifuta z, watu wakazozana, gazeti kubwa la Morgunblaðið likaendelea kuitumia kwa muda mrefu kwa ubishi. Nimeitaja z kwa sababu moja: wanaogombana kuhusu herufi ni watu ambao herufi hizo ni zao.

Sasa Mbulu.

Nasema Mbulu kwa sababu Karatu yenyewe ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbulu mpaka miaka ya 1990, na kwa sababu nyumbani kwa asili kwa Wairaqw ni milima ya Mbulu, mahali panapoitwa Irqwar Da/aw. Kutoka huko walisambaa karne yote ya 20, wakapanda kaskazini mpaka Karatu, Rhotia na Mbulumbulu, ukingoni kabisa mwa Ngorongoro. Umeiona ile alama katikati ya Da/aw? Usidhani ni kosa la uchapaji. Tutaifikia.

Wajerumani walipokuja hawakuwa na mahali pa kuiweka ile sauti ya mwisho ya jina Iraqw, kwa hiyo kwenye maandishi yao utakuta "Iraku". Waswahili nao wakasema Wambulu, yakaisha. Wamisionari, Wakatoliki na Walutheri, walihitaji zaidi ya hapo: walihitaji katekisimu, nyimbo na Injili ambazo mtu akizisoma kwa sauti kanisani wazee watamwelewa. Hapo ndipo herufi zilipoanza kutafutwa kwa kweli. Ukitazama zilizochaguliwa, unaona mkono wa watu waliokuwa na taipu ya kawaida ya ofisini na lugha yenye sauti ambazo taipu ile haikuzijua.

Chukua q na x. Alfabeti ya Kiswahili sanifu, iliyopigwa msasa na Kamati ya Lugha kuanzia 1930, haina q wala x. Zilikuwa zimekaa bure kwenye mashine. Kiiraqw kikazichukua. X ikapewa sauti ya kh, ile ya "kheri" kwa msemaji wa pwani. Q ikapewa sauti ya nyuma kabisa mdomoni, jirani ya qaf ya Kiarabu, lakini yenye kubana koo kama tl. Ndiyo inayosikika mwisho wa jina Iraqw, midomo ikiwa imeviringwa. Ndiyo inayoanza jina la kata ya Qurus hapo Karatu.

Ikabaki sauti ambayo aliyesoma madrasa anaijua: ح, h ya kina kirefu, ya koromeo. Wakaandika hh. Mwanamume ni hhawata. Na mwenzake ع, ain, ile inayofanya jina Ali litamkwe tofauti na mwarabu na mmatumbi? Hiyo ikapewa mkwaju: /. Alama ile ile ambayo kwenye fomu zetu inasomwa "au". Da/aw, nchi ya mashariki, ina ain katikati.

Nakiri nilipoiona mara ya kwanza nilidhani ni utani. Lakini kaa uifikirie. Ilikuwepo kwenye kila taipu, haikuhitaji kuagiza herufi Ulaya, na haichanganyiki na herufi nyingine yoyote. Wasomali walikuwa na sauti mbili hizo hizo, na serikali yao ilipoamua mwaka 1972 kutumia herufi za Kilatini, ilitumia c kwa ain na x kwa ile h ya koromeo. Ndiyo maana Ali kwao anaandikwa Cali na Hassan ni Xasan. Kwa hiyo x ya Msomali ni hh ya Mwiraqw, na x ya Mwiraqw ni kh ya Msomali. Ndugu wa ukoo mmoja, sauti zile zile, maamuzi mawili. Hakuna kati yao aliyekosea. Tofauti ni kwamba uamuzi wa Wasomali ulipewa nguvu ya dola, na kampeni kubwa ya kusoma na kuandika ikafuata. Uamuzi wa Mbulu ulibaki kwenye kitabu cha nyimbo.

Mkwaju una adhabu yake siku hizi, na hii wamisionari hawakuweza kuijua. Jaribu kuhifadhi faili kwenye kompyuta kwa jina Da/aw. Inakataa, kwa sababu kwa kompyuta mkwaju unatenganisha folda na folda. Nilipoteza nusu saa nzima nikidhani mashine imeharibika. Þ na ð, kwa upande wao, zimo kwenye jedwali la kwanza kabisa la herufi za Ulaya magharibi lililosanifiwa kwa kompyuta miaka ya 1980, kwa hiyo zimo kwenye kila simu iliyoko mfukoni mwako sasa hivi.

Wasomi nao walipita. Wilfred Whiteley, ambaye wengi wanamfahamu kwa kazi zake za Kiswahili, alichapisha maelezo mafupi ya Kiiraqw huko Kampala mwaka 1958. Frøydis Nordbustad, Mnorwe, alitoa sarufi mwaka 1988. (Wanorwe wako Haydom, Mbulu, tangu miaka ya 1950, na hospitali yao inajulikana nchi nzima. Kwa hiyo mabinamu wa Waaisilandi walikuwa wakihangaika na tl muda mrefu kabla yangu.) Maarten Mous wa Uholanzi akaja na sarufi kubwa mwaka 1993. Kisha mwaka 2002 ikatoka kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza iliyoandikwa na watatu: Mous, Mjerumani Roland Kießling, na Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa kuwa Qorro ni mzawa wa lugha hii, hapo ndipo, kwenye jalada la kitabu, unakutana na q ikiwa kwenye jina la mwandishi badala ya kuwa kwenye mfano wa utafiti. Kamusi lenyewe lakini linakupeleka Kiingereza. Mtoto wa Rhotia akitaka kujua neno la bibi yake lina maana gani kwa Kiswahili, itabidi apitie lugha ya tatu.

Kanisani kazi iliendelea. Agano Jipya la Kiiraqw lilitoka miaka ya 1970, na Biblia nzima mwanzoni mwa karne hii. Yule bibi yangu anasoma kitabu chake cha nyimbo haraka kuliko mimi ninavyosoma gazeti, mkwaju na hh na yote. Nilimuuliza nani alimfundisha. Akasema hakuna, alikuwa anazijua nyimbo kwa moyo, akawa anafuata kwa kidole mpaka herufi zikamzoea. Shuleni alifundishwa a, e, i, o, u za Kiswahili. Hakuna darasa lililowahi kumwambia q inasomwaje.

Na hilo halijabadilika. Tangu miaka ya 1960 shule ya msingi ya Tanzania inafundisha kwa Kiswahili, na mimi binafsi sioni aibu kusema Kiswahili kimetusaidia; bila hicho mimi na yule bibi tungeongea kwa ishara. Sera ya Utamaduni ya 1997 inazitaja lugha za jamii kuwa hazina na inahimiza zitafitiwe na kuandikwa. Lakini kati ya kuhimiza na kumfundisha mtoto wa darasa la kwanza herufi ya kwanza ya jina lake kuna umbali kama wa Karatu na Mang'ola kipindi cha mvua.

Mang'ola nimeitaja makusudi. Shuka kutoka Karatu kuelekea Ziwa Eyasi, kwenye vitunguu, uingie maeneo ya Wahadzabe, uone mambo yanavyozidi kunoga. Kihadza kina sauti za kudonoa, zile ambazo sisi huzitumia kumsikitikia mtu au kumwita punda tu. Watafiti wa mwanzo, kama Dorothea Bleek aliyefika mwaka 1930, walikuwa na alama maalumu za vistari. Siku hizi zinaandikwa pia kwa c, q na x, mtindo uliotoka kwa Kizulu na Kixhosa. Umeona? Herufi zile zile tatu zilizobaki bila kazi kwenye Kiswahili. Ndani ya wilaya moja ya Karatu, q ya Qurus inatoka kooni, na q ya ziwani ni mdonoo wa ulimi kwenye ufizi. Nayo Mang'ola yenyewe ina alama ya ritifaa inayomaanisha "usiisome ng kama ya ngoma", wakati ritifaa hiyo hiyo kwenye Kiiraqw ni sauti kamili, kule kukatika kwa koo kwa ghafla. Ukipanda upande wa pili, kreta yenyewe na Oldeani na Oldonyo Lengai, unaingia kwenye Kimaasai chenye irabu tisa, zinazoandikwa kwenye mabango kwa irabu tano za Kiswahili. Mtalii anayepiga picha ya bango hajui amepiga picha ya mazungumzo marefu namna gani.

Haya, turudi kwenye majina ya watu, maana huko ndiko herufi zinakouma.

Mwaka ule ule wa 2010, miezi sita baada ya watangazaji wa dunia kukwama kwenye Eyjafjallajökull, Watanzania tulikuwa na mgombea urais aliyekuwa mbunge wa Karatu tangu 1995: Dk. Willibrod Slaa. Nchi nzima ililitamka jina lile maelfu ya mara, kwenye mikutano, kwenye redio, kwenye daladala. Silaa. Wachache zaidi walisema S-laa, wakijitahidi. Kwa tahajia ya Kiiraqw, sl ni sauti moja. Weka ulimi kama unataka kusema l, usitoe sauti, puliza tu hewa ipite pembeni. Ng'ombe kwa Kiiraqw ni slee, inaanza hivyo hivyo. Wazulu sauti hiyo wanaiandika hl, Wawelshi wanaiandika ll, na Mbulu wakachagua sl. Alishika nafasi ya pili kwenye uchaguzi, baadaye akawa balozi wetu Sweden, na sidhani kama kuna siku alisimama kumsahihisha mtu.

Mbunge anaweza kulivumilia. Kwa wengine si suala la uvumilivu. Nyumba ya jirani pale nilipopanga kuna kijana, fundi wa pikipiki, jina la babu yake ni Tluway. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivyo. Cheti cha darasa la saba kinasema Tuluway, kwa sababu aliyejaza fomu aliandika alivyosikia, yaani aliandika alivyosikia kwa sikio la Kiswahili. Cheti cha kidato cha nne kinasema Tluwai. Alipokwenda ofisi moja kuomba mkopo wa vijana akaambiwa vyeti hivi ni vya watu watatu. Aliondoka akiwa na hasira, si kwa sababu ya mkopo tu. Akaniuliza, "Kaka, wewe unayesoma haya mambo, ipi ndiyo sahihi?"

Nikamwambia ya kwanza. Nikamweleza habari za tl, na za wamisionari, na nikaingia mpaka Aisilandi, ambako tangu 1991 kuna kamati ya kisheria inayoangalia kwamba majina mapya ya watoto yanakubaliana na tahajia ya lugha yao. Alinisikiliza vizuri. Kisha akasema kule wana bahati, mtu anabanwa ili jina lifuate lugha yake. Yeye amebanwa jina lifuate lugha ya karani.

Sikuwa na jibu. Nikasema tu kwamba Waaisilandi nao walianza na herufi za kuazima, wakakaa nazo karne na nusu kabla ya yule mwanasarufi kutokea, na kwamba Kiiraqw kimeandikwa kwa muda wa miaka mia moja hivi. "Kwa hiyo tusubiri hamsini," akasema. Tukacheka wote, ingawa yeye alicheka kidogo.

Wiki iliyofuata nilimsindikiza mjini kutengeneza hati ya kiapo, ya kutambulisha kwamba Tluway, Tuluway na Tluwai ni mtu mmoja. Karani aliyekuwa anachapa alimwomba ataje herufi moja moja. Akazitaja: T, L, U, W, A, Y. Karani akachapa sawasawa kabisa, akainua karatasi, akasoma kwa sauti ili kuhakiki.

"Tuluwai."

"Ndiyo hiyo hiyo," kijana akasema, akachukua kalamu akasaini.